Barua ya wazi: vitabu vya ubatizo ndio ukoo wetu sisi wa Freretown, tufungulieni

Kwenu viongozi wetu wa kanisa la Anglikana hapa Pwani, kwenu viongozi wa kaunti ya Mombasa na ya Kilifi, na nyinyi mlioko Nairobi mnaoshika mambo ya vitambulisho, makumbusho na nyaraka za taifa.

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani ambao hiyo si salamu yao, asalaam aleikum, manake mtaa wetu ni wa watu wote na najua barua hii itapita simu hadi simu mpaka iwafikie nyinyi pia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nafundisha sande skuli, nimezaliwa na kulelewa huku Kisauni, na kwa upande wa baba na mama wote wawili mimi ni mtu wa Freretown, mtaa huu wa Mombasa ulioanzishwa kwa ajili ya watu walioachiliwa utumwani. Jina letu la ukoo ni la Kizungu, sitaliandika hapa, lakini mkilisikia mtadhani labda babu yetu alikuwa Muingereza. Hakuwa. Babu wa babu yangu alishushwa kwenye meli akiwa mtoto, hajui mamake yuko wapi, na hilo jina alipewa siku ya ubatizo. Basi ndiyo jina letu mpaka leo na twalipenda.

Ntawaambia kilichonifanya niandike. Mwaka huu binti yangu wa kwanza amefika miaka kumi na minane, tukaenda kuchukua kitambulisho, sitasema ofisi gani wala mtu gani, sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili yangu. Tulikuwa na kila kitu, cheti cha kuzaliwa, kopi za vitambulisho vyetu wazazi, barua ya chifu. Karani akajaza fomu vizuri tu mpaka akafika kwa kabila. Binti yangu bila kufikiri akasema Freretown. Yule karani akaweka kalamu chini akasema, "Freretown si kabila, Freretown ni stegi." Watu kwenye laini wakacheka. Akanigeukia mimi, "Mama, hebu nisaidie, nyinyi ni kina nani hasa?" Nkamwambia sisi ni watu wa misheni, wazee wetu ni wale walioachiliwa utumwani. Akasema hiyo hana mahali pa kuiandika, laini ni refu, niandike Mgiriama ama Mswahili? Binti yangu akaniangalia anangoja jibu langu, na mimi kwa vile watu walikuwa wananitazama na jua lile na njaa, nkasema, andika lolote.

Lolote. Hilo neno limenikaa kifuani mpaka leo. Kwenye matatu tukirudi binti alikaa kimya hadi tulipopita daraja la Nyali ndipo akaniuliza, "Mama, siku nyingine nikiulizwa niseme nini?" Hakuwa anauliza kwa hasira, alitaka tu jibu la kutumia, kama vile mtu anauliza nauli ni ngapi. Sikuwa nalo. Kwenye fomu ya kitambulisho mimi niliandikwa Mswahili, ndugu yangu tumbo moja aliandikwa Mgiriama, na marehemu baba yetu alikuwa ameandikwa Mnyasa. Nyumba moja, sufuria moja, makabila matatu, na hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kukuonyesha limetoka wapi, kila mmoja alikutana na karani wake siku yake.

Sasa wengine mtasema, si mseme tu nyinyi ni Wakenya, yaishe. Twasema. Kwenye sensa wako wetu waliosema waandikwe Mkenya tu. Lakini hii nchi ukikutana na mtu swali la pili baada ya jina ni unatoka wapi, na mwenzako ana jibu, ana kijiji, ana mlima, ana kaya, ana shangazi huko anayemjua babu wa babu yake kwa jina. Sisi tukirudi nyuma vizazi vinne ama vitano tunafika kwenye bahari, basi hapo pameisha.

Wacha nieleze kwa wale wasiojua, manake hata hapa Mombasa watu wanapita Kengeleni kila siku na hawajiulizi kwa nini paitwa Kengeleni. Ni kengele yetu. Ule mnara mdogo wa mawe pale kando ya barabara ya kwenda Malindi uliwekwa kengele ya kuwaonya watu, wakiona majahazi ya wakamataji yanakuja ama hatari yoyote inapigwa, watu wanakimbia kujikusanya. Fikirieni watu ambao wameshakamatwa mara moja, wametembezwa kwa miguu toka Unyasa na Uyao na Umakua mpaka pwani, wakatiwa jahazini, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakashushwa hapa, na bado usiku wanalala sikio moja liko kwenye kengele.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na aliyekuwa ametumwa na Uingereza kuushughulikia ni huyo Sir Bartle Frere ambaye mji wetu una jina lake. Mwaka uliofuata CMS, shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza, wakamleta mchungaji William Salter Price, na 1875 hapa bara ya kaskazini, ukivuka tu maji kutoka kisiwani, kukaanzishwa makao ya walioachiliwa, na mwaka huo huo manowari ikashusha zaidi ya watu mia mbili kwa mpigo mmoja. Wazee wetu waliwaita mateka. Kabla yao na pamoja nao walikuweko wengine, wale walioitwa Wabombay, Waafrika ambao walikuwa wameokolewa zamani wakapelekwa India, wakasomeshwa kule Nasik, wakajifunza uhunzi na useremala, wakarudishwa huku kusaidia misheni. Na huko Rabai, kwenye misheni ya kina Krapf na Rebmann, wamisionari wa CMS waliotangulia huku, walikuja tena watoro, waliotoroka mashambani kwa mabwana zao hapa hapa pwani. Hao ndio sisi, mateka, Wabombay na watoro, makundi matatu ambayo hata lugha hawakuwa nayo moja mpaka walipoungana kwenye Kiswahili na kwenye kitabu cha sala.

Mnaona basi kwa nini nikiulizwa kabila naanza kutafuta maneno. Myao alimuoa Mmakua, mtoto wao akaolewa na Mngindo aliyelelewa na Mbombay, na wote Jumapili wako benchi moja. Ukitaka nijibu kwa damu siwezi. Ukiniuliza ni nani alisimama na nani, naweza, na kuna mahali pameandikwa.

Hapo ndipo nataka mnisikize vizuri viongozi wangu.

Miaka michache iliyopita nyanya yangu alipokuwa hai lakini ameshaanza kuchoka, tulienda naye mahali kunakohifadhiwa vitabu vya zamani vya ubatizo, sitapataja, tuliomba kwa hisani tukakubaliwa nusu saa. Kitabu ni kikubwa kama mlango wa kabati, jalada limetoka, kurasa zina rangi ya chai, na ukifungua inakupiga ile harufu ya unyevunyevu wa bahari na wadudu. Mstari wa babu yake nyanya tuliupata. Jina la ubatizo limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulala. Jina la zamani limeandikwa, la kwetu huko, la Kiyao, na nyanya alipolisoma alilirudia mara tatu kwa sauti kwa sababu alikuwa hajawahi kulisikia maisha yake yote. Halafu kuna safu ya wazazi. Pale hakuna jina, ni kamstari tu, kama vile mtu anakata kitu. Baba, mstari. Mama, mstari. Nilishuka na kidole ule ukurasa mzima na karibu kila mtu alikuwa na huo mstari, mstari, mstari, mpaka chini.

Mimi nililia, nyanya hakulia. Nyanya akasema, angalia pembeni. Pembeni kuna majina ya wazazi wa ubatizo, wale wanaosimama na mtu kwenye maji na kumjibia. Watatu. Nyanya akasema huyu wa kwanza ni wa nyumba ya kina fulani, huyu wa pili ni wa kule Rabai, huyu wa tatu ndio wale ambao wewe ulikuwa unataka kuolewa kwao nikakataa. Na kweli alikataa! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kijana mzuri, mcha Mungu, nyanya akasema hapana, hao hatuoani nao, ni ndugu. Nkamuuliza undugu gani na sisi hatuna damu nao, wao ni Wamakua sisi ni Wayao, akasema tu ni ndugu. Nilimkasirikia miaka. Kumbe undugu wenyewe ni huu, babu yao alisimama na babu yetu siku ambayo babu yetu hakuwa na mtu mwingine duniani wa kusimama naye. Tukageuza kurasa kurudi nyuma tukatafuta mstari wa huyo aliyesimama, tukaupata, na yeye pia baba mstari, mama mstari, na pembeni watatu wengine. Yaani mtu asiye na wazazi alimdhamini mtu asiye na wazazi, naye alidhaminiwa na mwenzake vile vile, mpaka tukaishiwa na ile nusu saa.

Ule ndio mti wa ukoo wetu. Hauna shina la damu lakini una majina, tarehe na sahihi, na mahali pa sahihi wengine waliweka alama ya msalaba tu kwa sababu hawakujua kuandika.

Nyanya alikuwa na neno ambalo sisikii tena likitumika, mjoli. Kwa Kiswahili cha wazee mjoli ni mtumwa mwenzako, mnayemilikiwa na bwana mmoja. Kwa watu waliotoka utumwani hilo neno lingetakiwa kuwa chungu. Lakini Biblia yetu ya zamani kwenye Wakolosai, Paulo anamtaja Epafra, "mjoli wetu mpenzi", na wazee wa Freretown walilishika hilo neno wakalifanya la kwao, wakaitana hivyo, mjoli wangu, kwa sababu sasa Bwana wanayemtumikia ni Yule mwingine, na ukiwa na mtu Bwana mmoja basi nyinyi ni nyumba moja. Mimi nimesikia mahubiri mengi sana juu ya kupata utambulisho katika Kristo, mengi mazuri, lakini sijasikia linalozidi hilo neno moja kinywani mwa nyanya yangu akimwita rafiki yake ng'ambo ya ua, "Mjoli, umeamkaje?" Na ule mstari wa Petro, ninyi mliokuwa kwanza si taifa, wengine wanausoma kama mfano, kwetu ni historia, kila neno lilitupata vile lilivyo.

Na tulipomzika nyanya nilishuhudia kwa macho. Mchungaji alisema ndugu wa marehemu wasimame tuwaombee, wakasimama watu hesabu yangu ni arobaini na kitu. Walitoka Rabai, walitoka Jomvu, walitoka Ribe, wengine walipanda basi toka Nairobi usiku. Wa damu, ukihesabu kwa daktari, labda tulikuwa kumi. Wengine wote ni ile pembeni ya kitabu. Kaburi walichimba vijana wa zile nyumba tatu bila kuitwa. Na majirani zetu Waislamu wa mlango wa pili ndio walioleta chai na mahamri ya watu wote siku mbili, wacha niseme hilo kwa sauti kwa sababu historia hii wako watu wakiisikia wanataka kuitumia kuchokoza, na mimi sitaki barua yangu itumike hivyo. Wako watu wa Freretown walioslimu, wako waliooana, ni wetu na sisi ni wao.

Na pia sitaki mtu adhani nasifia misheni kama pepo. Haikuwa. Miaka ya mwanzo ya 1880 msimamizi Mzungu aliyekuwa akiendesha makao alikuwa anachapa watu viboko na kuwafungia, watu walioachiliwa viboko vya jana wanapigwa viboko vya leo, mpaka malalamiko yakafika Zanzibar na London. Wabombay waliosoma walidharauliwa na wamisionari waliowakuta hapa. Wazee wetu walilijua hilo na bado Jumapili walienda kanisani, na sioni kama ni ujinga, naona walikuwa wamejua tofauti ya Mungu na msimamizi.

Hata mkiangalia mmoja kama William Jones. Myao, alikamatwa mtoto, akalelewa India, akafundishwa uhunzi, akaja Rabai. Mwaka 1885 askofu Hannington akamweka wakfu kuwa shemasi, yeye na Ishmael Semler, wa kwanza wetu. Mwaka huo huo wakafunga safari ya Uganda, Jones akaachwa na msafara huku magharibi ya Kenya, askofu akatangulia akauawa Busoga mwezi wa kumi. Jones ndiye aliyewarudisha watu waliobaki, njia yote mpaka Rabai, na wakaingia na bendera ya buluu imeandikwa Ikabodi, utukufu umeondoka. Nikiwafundisha watoto sande skuli hadithi hiyo huwa nawaambia huyo mtu hakuwa na kabila la kumpokea, hakuwa na mama wa kumkimbilia, lakini alijua anarudi wapi. Alirudi nyumbani, Rabai.

Tena 1889, tarehe mosi Januari, pale pale Rabai, watoro zaidi ya elfu moja wa misheni zetu walipewa karatasi za uhuru baada ya kampuni ya Kiingereza kuwalipa mabwana zao. Watu wangapi hii nchi wana tarehe ya uhuru wao kabla ya 1963? Sisi tunayo.

Na tumetoa vitu kwa hii nchi. Chuo cha wachungaji kilichoanza Freretown 1903 ndicho kilichohamishiwa Limuru 1930 na leo ni chuo kikuu cha St. Paul's. Walimu, makarani, wapiga chapa, wakalimani wa mwanzo, wengi ni wetu. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela ambayo kila nyumba Kenya iliijua redioni, aliyetutoka Februari 2025, imetoka Freretown, mjukuu wa mateka. Alipofariki nchi nzima ilimlilia na nilifurahi, lakini nikawaza, je huyu naye alipokuwa kijana karani alimuandika nani?

Basi tunaomba nini. Wacha niseme wazi kwanza ambacho hatuombi. Hatuombi kiti cha bunge wala asilimia. Ardhi ni jambo kubwa lina wenye kuliongea, silitii kwenye barua hii. Na sisi si kama ndugu zetu Wamakonde ambao ilibidi watembee kwa miguu toka Kwale kwenda Nairobi 2016 ndio wapewe vitambulisho, ama Washona ambao wazee wao walikuja na injili toka Zimbabwe wakakaa miaka hamsini na zaidi bila uraia mpaka Desemba 2020. Sisi vitambulisho twapata, namshukuru Mungu. Twapata, ila kwenye fomu twaandikwa lolote.

Kwa kanisa, nyinyi ni baba zetu na nawaandikia kama mtoto. Hivyo vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, vya Freretown na Rabai, popote vilipo, vikiwa kabatini ama stoo ama vimepelekwa mbali, twaomba vikusanywe, vihesabiwe, vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla chumvi na mchwa havijamaliza kazi. Msiogope kwamba tunataka kuvichukua. Kopi moja ikae parokia, moja makumbusho ya Rabai, moja Nairobi kwenye nyaraka za taifa, ili moto ukiwaka mahali pamoja tusiwe tumekufa mara ya pili. Na mtuwekee siku, hata moja kwa mwezi, familia ije iangalie mstari wake bila kubembeleza mtu. Mimi nilipata nusu saa kwa sababu namjua mtu anayemjua mtu. Wako wazee ambao hawamjui mtu, na wanakufa.

Najua kuna hofu, nimeisikia, kwamba vitabu vikifunguliwa watu watajua nani babu yake alikuwa mtumwa wa nani, na ugomvi utaanza, aibu itaingia nyumba ambazo zimeshafanikiwa. Hofu hiyo naiheshimu, wako wazee wangu mwenyewe walioficha. Baba yangu alikufa hajawahi kutamka neno mtumwa mbele yetu. Lakini aibu ni ya nani hapa? Ya mtoto aliyekamatwa? Mimi nimeona ule mstari wa wazazi uliokatwa na sikuona aibu, niliona mtu aliibiwa, na pembeni yake niliona watu watatu waliosema huyu ni wetu.

Kwa kaunti, ule mnara wa kengele. Ni alama ya mji na jina la mtaa mzima limetoka pale, lakini mpita njia hana cha kusoma akaelewa ni nini. Wekeni kibao kwa Kiswahili. Wauza nguo na wa bodaboda waliopo pale msiwafukuze kwa ajili yetu, nao wanatafuta riziki, na nina hakika mkiwaeleza watautunza kuliko askari wa kaunti. Na shule za Kisauni na Nyali na Kongowea zilizo hatua chache tu, watoto waletwe wauone.

Kwa Nairobi, kwenye ile fomu. Hamna haja ya sheria mpya wala tume. Mtu akisema Freretown, ama mtu wa misheni, ama akisema Mrabai wa misheni, aandikwe hivyo alivyosema. Na asiyetaka kuandikwa kabila aachwe wazi, hata kile kimstari kitatosha, angalau hicho ni cha kweli, wazee wetu walikuwa nacho. Na makarani waambiwe tu, kwa upole, kwamba wako Wakenya ambao ukiwauliza kabila wanaanza na hadithi, wawape dakika mbili.

Nimezungumza na nyumba saba mpaka sasa, tano za huku na mbili za Rabai, tuna grupu la WhatsApp, vijana wetu wawili wanajua mambo ya kuskani na mmoja ana kamera nzuri. Hatuombi pesa za kuanzia. Tunaomba ruhusa kwa maandishi, na mtu mmoja wa parokia wa kukaa na sisi ili kila ukurasa ufunguliwe mbele ya shahidi. Jumamosi zote za miezi mitatu ijayo tuko tayari, toka asubuhi mpaka alasiri. Meza nitatoa kwangu, ile ndefu ya kulia chakula, na penseli nimeshanunua boksi moja, manake kalamu za wino hazitaruhusiwa karibu na vile vitabu. Binti yangu amesema yeye ndiye atakayeandika orodha, na anataka aanze na ule ukurasa wa babu yake nyanya, jina la Kiyao kwanza.

Wenu katika Kristo, na mjoli wenu,

Mama wa sande skuli, Kengeleni